Sikio Lililoacha Kuuma

Mtoto ameanza kulia saa nne usiku. Anashika sikio, anageuza kichwa huku na huku, homa imepanda, titi analikataa. Nyumba nyingi za Makorora, mjini Tanga, ni zile za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kwa hiyo akilia mmoja wanaamka wote: mama, bibi, hata mpangaji wa chumba cha uani anayetakiwa kuwahi kazini. Bibi anapasha mafuta ya nazi kwenye kijiko. Mama anambeba mgongoni na kuzunguka naye. Kuelekea adhana ya alfajiri kilio kinakatika ghafla, na kulipopambazuka foronya ina doa la majimaji ya manjano, mtoto anataka uji. Nyumba nzima inashusha pumzi. Alhamdulillahi, kapona.

Hajapona. Sikio limepasuka.

Kilichoondoka ni shinikizo tu. Usaha uliokuwa umejazana nyuma ya kiwambo cha sikio umepata njia, umetoboa ngozi ile nyembamba na kumwagika nje, na maumivu yakaondoka nao. Mara nyingi mwili hujiziba wenyewe: tundu hufunga ndani ya siku au majuma machache na habari ikaishia hapo. Lakini wapo watoto ambao tundu haliwafungi, na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia zaidi. Sikio lao huendelea kutoa usaha wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, mwaka, bila kuuma hata kidogo. Na ugonjwa usiouma, kwetu, huhesabiwa kuwa si ugonjwa.

Ukikaa kwenye benchi la kituo chochote cha afya cha mjini Tanga utalisikia swali hili na jibu lake. Nesi: “Sikio limeanza lini kutoa uchafu, mama?” Mama: “Tangu kabla ya Ramadhani, nesi, lakini halimsumbui. Leo nimemleta kwa ajili ya kikohozi.”

Halimsumbui. Neno hilo moja limewaficha watoto wengi.

Ili kuelewa usaha unatoka wapi ni lazima kwanza tuache kulishuku beseni la kuogea. Sikio lina sehemu tatu. Ya nje ni ile tunayoiona pamoja na tundu lake, na mwisho wa tundu kuna kiwambo kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Maji ya kuoga yakiingia katika sikio zima huishia hapo. Nyuma ya kiwambo kuna sikio la kati, kijinafasi kidogo chenye hewa na vijifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo ndivyo vidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Kazi ya vijifupa hivyo ni kupokezana mtikisiko wa sauti na kuufikisha sikio la ndani, kwenye mishipa ya fahamu. Kijinafasi hicho hupata hewa yake kwa mrija unaofunguka nyuma ya pua kila tunapomeza mate au kupiga mwayo. Bartolomeo Eustachi, daktari wa Italia wa karne ya 16, aliueleza mrija huo kwa makini, na madaktari wakaupa jina lake.

Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, hivyo uchafu hushuka kwa urahisi kuelekea kooni. Wa mtoto mchanga ni mfupi, ni laini, na umelala karibu sawasawa na ardhi. Mafua yakimshika, utando wa pua unavimba, mrija unaziba, hewa ya sikio la kati inafyonzwa na majimaji yanachukua nafasi yake. Bakteria waliokuwa wakiishi nyuma ya pua bila fujo wanapata bwawa la kuzaliana. Kwa maneno mengine, maradhi ya sikio la kati huingilia puani. Ndiyo maana watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2 ndio wanaoongoza, na ndiyo maana watoto wengi duniani, matajiri kwa maskini, huwa wameugua angalau mara moja kabla hawajatimiza miaka 3.

Maji ya kuoga yana kesi yake nyingine, ya ngozi ya tundu la nje. Kuitofautisha si kazi ngumu: ukibonyeza kile kijinyama kilicho mbele ya tundu, au ukivuta sikio taratibu, na mtoto akaruka kwa maumivu, yaelekea ugonjwa uko nje ya kiwambo. Wa sikio la kati huuma ndani kwa ndani, na huja nyuma ya mafua.

Kuna mambo ya nyumbani yanayoufungulia njia ugonjwa huu wa sikio la kati. Moshi wa mkaa kwenye chumba cha kupikia kisicho na dirisha, na wa sigara ya baba sebuleni, huvimbisha njia za pua. Kumnywesha mtoto chupa akiwa amelala chali huyaacha maziwa yakitwama karibu na mdomo wa mrija. Watoto arobaini kwenye chumba kimoja cha chekechea hupeana mafua kama wanavyopeana kalamu. Na yupo mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi mchana kutwa, ambaye ana zile nyama za nyuma ya pua zinazokaa mlangoni mwa mrija. Huyo atarudi kliniki kwa sikio lile lile mpaka mtu amtazame pua. Kwa upande mwingine, kunyonya maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza ni kinga iliyothibitishwa, na haina gharama.

Matibabu ya sikio lililoanza kuuma juzi hayana siri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu watoto wagonjwa, ambao Tanzania iliupokea mwaka 1996, hauhitaji hata kifaa cha kuchungulia sikio. Mhudumu anauliza, anatazama kama kuna usaha, kisha anapapasa nyuma ya sikio. Sikio likiwa linauma, au linatoa usaha kwa muda usiofika siku 14, mtoto hupewa amoksilini mara mbili kwa siku kwa siku 5, kipimo kikifuata uzito wake, na parasetamoli ya maumivu. Siku ya 5 anarudi kutazamwa.

Uingereza na Uholanzi wana mtindo mwingine. Mtoto aliyevuka miaka 2, mwenye afya njema na asiyetoa usaha, hupewa dawa ya maumivu na kusubiriwa siku mbili tatu, kwa sababu walio wengi hupona bila antibayotiki yoyote. Kisayansi hawajakosea. Ila kusubiri kunataka mgonjwa anayeweza kurudi siku ya tatu bila kufikiria nauli, na daktari anayeweza kukiona kiwambo kwa macho yake. Mpaka hapo tutakapofika, mimi nasimama na mwongozo wetu. Kinachonikera ni mtindo wetu wa tatu, usioandikwa popote: mtu anafika duka la dawa, “nipe amoksilini kumi”, anafungua kapsuli, unga anaugawa kwa kukisia, na mtoto akinyamaza siku ya pili zilizobaki zinawekwa juu ya kabati kumngoja mgonjwa mwingine. Bakteria aliyeonjeshwa dawa nusu hujifunza.

Zikivuka siku 14 za usaha, ugonjwa umebadilika na dawa yake inabadilika. Hapa watu wengi, wakiwemo watoa huduma, hupotea njia. Wanarudia amoksilini, chupa ya pili, ya tatu, wakishangaa haifanyi kazi. Wanaoishi kwenye sikio sugu kwa kawaida ni bakteria wengine, hasa Pseudomonas, mpenda unyevu ambaye amoksilini haimtishi. Sikio la namna hii linataka mambo mawili kwa pamoja: likaushwe, kisha litiwe matone ya dawa yanayofika mahali penyewe.

Kukausha kwa utambi ni ufundi mdogo ambao kila mama anaweza kufundishwa kwa dakika tano, na bado ni wachache niliowaona wakifundishwa. Unachukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, au karatasi laini lakini imara isiyokatikakatika. Unakisokota kiwe utambi wenye ncha. Unamlaza mtoto ubavu, unalivuta sikio taratibu nyuma ili tundu linyooke, unauingiza utambi mpaka utulie, bila kusukuma kwa nguvu. Unausubiri ulowe. Unautoa, unautupa, unasokota mwingine. Unarudia mpaka utambi utoke mkavu. Mara tatu kwa siku, angalau. Vile vijiti vyenye pamba ncha mbili havifai hata kidogo. Vinarudisha uchafu ndani na vinaweza kuongeza tundu. Na pamba haiachwi sikioni kutwa nzima. Najua tunaifanya hivyo ili usaha usionekane na watu, hasa mtoto anapokwenda chuoni, lakini pamba iliyolowa ni mfuniko juu ya chungu.

Baada ya kukausha ndipo yanafuata matone, siku 14 mfululizo. Majirani zetu Wakenya walitusaidia kulijua hili kwa hesabu. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi za Kenya wenye masikio sugu. Waliokaushwa masikio tu, bila dawa, walikauka 22 katika kila 100, sawasawa na wale ambao hawakufanyiwa chochote. Waliokaushwa na kupewa dawa walifika 51. Mwaka 2005 jaribio jingine la magharibi mwa Kenya, lenye watoto zaidi ya 400, lilishindanisha matone ya siprofloksasini na dawa ya kale ya asidi ya boriki iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Katika wiki mbili siprofloksasini iliyakausha masikio 59 katika kila 100. Asidi ya boriki, 32. Kukausha peke yake, basi, hakutoshi. Lakini tone likidondoshwa juu ya usaha uliojaa nalo linaelea tu na kumwagika shingoni.

Jambo moja zaidi kuhusu matone, maana nimeona chupa zile kwenye madirisha mengi. Yapo matone ya jentamaisini yanayouzwa kwa macho na masikio, bei yake nafuu, na muuzaji huyatoa bila swali. Dawa za ukoo huo, zikipenya kwenye kiwambo kilichotoboka, zinaweza kufika sikio la ndani na kuziua seli za kusikia, na zikishakufa hazirudi. Siyo kila anayeyatumia atakuwa kiziwi. Ila ya siprofloksasini yapo, hayana hatari hiyo, na kumuuliza mfamasia jina la dawa si utovu wa adabu.

Sasa tufike jikoni kwa bibi. Kijiko cha mafuta ya nazi, maziwa ya mama yaliyokamuliwa moja kwa moja sikioni, kitunguu saumu kilichopondwa, unyoya wa kuku wa kuchokonolea: sina haja ya kumdharau mtu aliyefanya haya kwa kukosa kituo cha afya enzi zake. Mafuta ya vuguvugu kwenye sikio ambalo kiwambo chake ni kizima hayaui mtu na pengine humliwaza mtoto. Shida ni kwamba bibi hana namna ya kujua kama kiwambo ni kizima. Kikiwa na tundu, mafuta, maziwa na tindikali ya kitunguu vinaingia kwenye sikio la kati na kuwalisha wale wale tunaowafukuza. Unyoya nao umetoka bandani kwa kuku. Kuhusu mafuta ya taa sina la kusema zaidi ya hapana.

Hasara kubwa ya sikio sugu haionekani nyumbani. Inaonekana darasani, na hata huko mara nyingi hupewa jina lisilo lake. Kiwambo chenye tundu hakitikisiki vizuri. Mtoto anasikia ngurumo ya pikipiki na sauti ya mama akiita kwa nguvu, lakini mwalimu anayezungumza ubaoni akiwa amewapa mgongo wanafunzi humpotea nusu ya maneno. Anaandika kwa kunakili kwa jirani. Anaitwa mara mbili hajibu. “Sikio la kufa halisikii dawa,” anaambiwa, na darasa linacheka, ilhali mtoto huyu sikio lake ni gonjwa kweli na dawa hajapewa.

Watafiti Minja na Machemba waliwachunguza wanafunzi wa shule za msingi za Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 1996: katika shule za mjini, wenye sikio sugu la usaha walikuwa kidogo zaidi ya 1 katika kila 100, katika shule za vijijini pembeni mwa jiji hilo hilo, zaidi ya 9. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango chochote kinachovuka 4 kuwa janga linalotaka hatua za haraka. Tofauti ya 1 na 9 ndani ya mkoa mmoja haielezwi na damu wala hali ya hewa. Ni umbali wa zahanati, msongamano wa vyumba, na nani anaamini kwamba usaha usiouma unastahili foleni ya asubuhi nzima. Mtu wa Makorora, ambaye kituo cha afya kiko ndani ya kata yake na Hospitali ya Rufaa ya Bombo ni safari fupi ya bajaji, hana udhuru alionao mtu wa ndani kabisa Mkinga au Pangani. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali, kisera, ni bure.

Kuna pia sikio lingine lisilouma, la majimaji yasiyo na usaha, yanayobaki nyuma ya kiwambo baada ya maambukizi kupita. Mazito kama gundi. Mtoto hana homa, hatoi kitu, ila runinga anaiongeza sauti kila siku. Antibayotiki haisaidii hapa. Mengi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, na yasiyokauka daktari wa masikio, pua na koo huweza kutoboa kiwambo makusudi na kupachika kijimrija cha kupitishia hewa.

Na watu wazima? Wanaugua kwa uchache, na mara nyingi wana sababu inayotafutika. Pwani hii ina wazamiaji wa pweza, kamba na majongoo ya bahari wasiovaa chochote zaidi ya miwani. Mita 10 chini ya maji shinikizo ni maradufu ya lile la juu. Asiyeweza kusawazisha hewa kwa kumeza au kubana pua anaweza kupasuka kiwambo kabla hata hajafika nusu ya kina hicho. Mwenye mafua asizame, kwa sababu mrija wake umeziba na hawezi kusawazisha. Halafu kuna uvuvi wa baruti. Uvuvi huo umekatazwa kisheria tangu 1970, na bado Tanga iliteseka nao kwa miongo. Tumezungumza sana juu ya matumbawe yaliyovunjwa. Wimbi la mlipuko husafiri majini kwa kasi na nguvu kuliko hewani, na mtu aliyekuwa chini ya maji wakati huo, hata kama mlipuko si wake, kiwambo chake hukutana nalo.

Mtu mzima mwenye kisukari, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, asilichukulie sikio la usaha kama la mtoto. Maambukizi humkaa zaidi. Na ninaomba mstari huu usomwe mara mbili: mtu mzima ambaye sikio moja tu limeziba kwa majuma kadhaa, bila mafua, hasa kama anaona damu kwenye makamasi au ana uvimbe shingoni, atazamwe nyuma ya pua. Saratani ya eneo hilo mara nyingi huanza karibu na mlango wa mrija, na sikio lililoziba huweza kuwa dalili yake ya kwanza.

Kutoka sikio la kati hadi ubongo ni ukuta mwembamba wa mfupa. Mwaka 1900 mwandishi Oscar Wilde alifariki Paris kwa uvimbe wa utando wa ubongo, na madaktari wengi waliolichunguza suala lake wanaamini ulitoka kwenye sikio lililokuwa likimsumbua kwa muda mrefu. Baba yake, William Wilde wa Dublin, alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa masikio wa zama zake. Kuna mkato wa upasuaji nyuma ya sikio unaobeba jina lake hadi leo. Bila antibayotiki, ubingwa huo ulikuwa na mwisho wake.

Leo hakuna sababu ya kungoja. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio likasukumwa mbele, maana yake usaha umeingia kwenye mfupa: ni hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo. Kadhalika uso ukipinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, kutapika pamoja na kuumwa kichwa na shingo kukakamaa, au degedege. Usaha wenye harufu mbaya isiyoisha hata baada ya matone unaweza kuashiria ngozi iliyoota ndani ya sikio la kati na kula vijifupa. Hiyo haina dawa ya chupa, ni upasuaji, na rufaa huenda kwa mabingwa, KCMC Moshi au Muhimbili.

Chanjo imepunguza kazi. Ya nimonia ilianza kutolewa nchini mwanzoni mwa 2013, mtoto akifikisha wiki 6, 10 na 14, na inamkinga na aina kadhaa za bakteria anayeleta kichomi, ambaye ndiye pia mmoja wa wahalifu wakuu wa masikio. Haimalizi maradhi ya sikio, maana wahusika ni wengi. Kadi ya kliniki yenye pengo kwenye mstari huo inafaa kujazwa.

Kwa mtoto anayetoa usaha sasa, asiogelee Raskazone wala kupiga mbizi popote mpaka aambiwe sikio limefunga. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando iwekwe mlangoni mwa tundu na itolewe mara akimaliza. Siku 14 za matone zikitimia arudishwe kituoni, hata kama sikio limekauka, ili tundu litazamwe. Siku hiyo hiyo mama ajaribu jambo dogo nyumbani: asimame nyuma ya mtoto, umbali wa mkono, amzibe sikio moja kwa kidole, anong’one majina ya vitu anavyovijua, samaki, baiskeli, chungwa, na amwambie ayarudie. Akishindwa upande mmoja, mwalimu apelekewe taarifa kesho yake asubuhi na mtoto ahamishiwe dawati la mbele, sikio zima likielekea ubaoni, wakati foleni ya Bombo ikiendelea kusogea.